Jaketi la kuelea linanipanda hadi masikioni

SWALI: Huwa nazamia Nungwi kwa vifaa vya kukodi. Nikijaza hewa juu ya maji, jaketi linapanda hadi masikioni na mtungi unayumba mgongoni. Nataka kununua langu. Nitajuaje kama linanienea?

JIBU: Hilo ulilokodi ni kubwa kwako. Dukani nenda na suti yako ya kuzamia, maana hata milimita 3 za mpira hubadilisha saizi. Vaa, funga mikanda yote, kisha jaza hewa mpaka vali ya usalama ianze kuitoa yenyewe. Sasa vuta pumzi ndefu. Mbavu zikibanwa, jaketi ni dogo. Toa hewa, mtu alishike mabegani alivute juu: lisogee kidogo tu, lisifike masikioni. Tazama pia ncha za mikanda ya mabega. Kama zimeshavutwa hadi mwisho, siku ukivaa suti nyembamba hutakuwa na pa kukazia.

Wauzaji hupenda kuuliza kimo na uzito. Urefu wa mgongo ni muhimu zaidi: jaketi likishuka hadi nyonga, linagombana na mkanda wa kiunoni wenye vipande vya risasi vya kukusaidia kuzama.

Mtungi kuyumba huenda kuna sababu nyingine. Mkanda wa nailoni unaoushika hulegea ukilowa, kwa hiyo uloweshe kwanza, ndipo ukaze. Kisha nyanyua jaketi kwa mpini wake ulitikise. Mtungi ukiteleza, fungua uanze upya.

Mifuko mingi isikutie tamaa.