Ukianzishiwa prednisoloni, omba kipimo cha mafuta kwenye damu

Nina baridi yabisi, ile ya viungo kuvimba na vidole kukakamaa asubuhi mpaka kufunga vifungo vya blauzi inakuwa kazi. Prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe, ndiyo iliyonirudishia uwezo wa kushika mwiko na kusonga ugali, kwa hiyo siji kuisema vibaya. Ninachotaka ni wewe unayeitumia kwa muda mrefu ujue kwamba dawa hii inagusa pia mafuta kwenye damu.

Hapa Dodoma, tukiwa kwenye foleni ya kliniki, tunaongelea uso kuvimba na tumbo kutokeza, kwa sababu hayo yanaonekana. Lehemu, yaani kolesteroli, mafuta yanayopita kwenye damu, haionekani wala haiumi. Mtu anaweza kuwa mwembamba kabisa na damu yake ina mafuta kupita kiasi.

Prednisoloni inafanana na kotisoli, homoni ambayo tezi zilizo juu ya figo huitengeneza kila siku. Ikizidi kwa muda mrefu, ini hutengeneza mafuta mengi zaidi na kuyaachia kwenye damu, insulini hufanya kazi kwa shida, sukari hupanda, na njaa inakuwa haina mwenyewe. Triglaiseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, na LDL, ile lehemu inayojijenga kwenye kuta za mishipa, zinaweza kupanda. HDL, inayosaidia kuiondoa, nayo mara nyingine hupanda. Ndiyo maana namba moja ya jumla haitoshi kukushtua wala kukutuliza. Omba majibu yenye mistari yote minne: lehemu ya jumla, LDL, HDL na triglaiseridi. Kwa milimoli kwa lita, jumla hutakiwa iwe chini ya 5.2 na triglaiseridi chini ya 1.7, ila daktari atazisoma pamoja na presha, sukari na umri wako. Ikiwezekana pima kabla ya kuanza dawa, ili baadaye uwe na cha kulinganisha, na karatasi hiyo uitunze.

Kuna jambo linalochanganya wengi wetu wenye baridi yabisi. Ugonjwa ukiwa umechachamaa, lehemu hushuka, na bado mishipa ya moyo iko hatarini zaidi. Ukitulia kwa dawa, lehemu inaweza kupanda kidogo. Kwa hiyo kukimbia dawa kwa kuogopa mafuta hakuulindi moyo.

Na tafadhali, usiache ghafla. Ukishaitumia wiki kadhaa, zile tezi huwa zimepunguza kazi yake, na kukatisha kunaweza kukuangusha presha hadi hatari ya kufa. Dozi hushushwa taratibu na daktari. Kama LDL imekataa kushuka, zipo dawa za kuishusha, naye ndiye wa kuamua.

Jikoni tuna bahati. Mlenda, ugali wa uwele au wa mtama, kunde na choroko ni chakula cha moyo. Mimi siku hizi naupika mlenda kwa karanga kidogo zilizosagwa, sitii mafuta, na magadi nayagusa kwa ncha ya kijiko tu, maana yana sodiamu na prednisoloni tayari inashikilia chumvi na maji mwilini. Mafuta ya alizeti ya kwetu hayana lehemu na ni bora kuliko samli, lakini bado ni mafuta. Ukiyamimina kama maji, uzito utapanda. Nyama choma ya mnadani sijaiacha. Naomba steki, mafuta yake nayaweka pembeni.

Kinachoniuma kuliko vyote ni hivi vidonge vya kunenepa ambavyo dada zetu wananunua bila cheti ili wapate mwili. Humo mara nyingine mnakuwa na deksamethasoni, ambayo ni ndugu ya prednisoloni na ina nguvu zaidi yake. Mimi nakunywa dawa yangu kwa sababu ya ugonjwa, na napimwa. Yule binti hana ugonjwa, na hakuna anayempima damu wala presha. Vijana wa jimu nao, steroidi zao za kujaza misuli ni za aina nyingine, lakini hushusha HDL na kupandisha LDL, hasa zile za vidonge. Kama una mdogo wako anazitumia, mpeleke kwa daktari, na huko aseme kila anachokunywa, ili apimwe mafuta, sukari na presha na aelekezwe namna ya kuacha.