Mbao za risiva ya mjomba

SWALI: Habari fundi. Mjomba aliniachia risiva ya Marantz ya miaka ya sabini (ile redio yenye amplifaya ndani), bado inaimba poa sana, lakini boksi lake la mbao liliingiwa na maji likavimba likabomoka. Kuna fundi wa fanicha huku Ngong Road anasema atanitengenezea lingine la mahogani, alifunge pande zote lipendeze. Mimi nyumbani niko na mbao za kitanda cha zamani cha mvule. Nimpe hizo ama ninunue mpya? Na lazima lifanane na lile la kwanza?
Msomaji, Buruburu

JIBU: Mpe za kitanda, ndugu yangu, wala usifikirie mara mbili. Mbao za yadi mara nyingi huuzwa kama bado zina maji ndani, unatengeneza kitu kizuri leo halafu baada ya miezi kadhaa imejipinda, lakini hiyo mvule imeshakauka zamani. Mwambie tu aangalie misumari iliyobaki ndani kabla ya kupitisha randa, la sivyo atakulipisha kisu cha randa.

Hilo la kufunga kote hapana, kataa kabisa. Risiva za wakati huo zinatoa joto, ndio maana bati la juu lina matundu, hewa ya moto inatokea hapo na ya baridi inaingia kwa chini, sasa ukiziba vipuri vya ndani vinaumia, transista zinachemka na kapasita zinakauka mapema. Mimi ningeweka mbao mbili za pembeni tu, unene milimita 18, bati libaki wazi. Na usiumize kichwa na kufanana, Marantz nyingi za enzi hizo boksi la mbao lilikuwa la kununua kando, kwa hivyo hakuna atakayekushtaki.

Risiva usiipeleke karakana. Vumbi la msasa likiingia kwenye ile kitu ya kuongeza sauti, kila ukizungusha itakwaruza. Chomoa plagi, chukua kipande cha katoni ukiegemeze ubavuni, toboa na msumari pale penye matundu ya skrubu kwenye chasisi (fremu ya chuma ya risiva), halafu hiyo katoni ndiyo umpelekee. Asigundishe mbao kwa chuma, mbao hupanuka na kusinyaa kwa upana, afunge na skrubu na matundu kwenye mbao ayarefushe kidogo ipate pa kusogea. Skrubu nazo zisiwe ndefu, kuna waya na transfoma ndani!

Rangi sipendi kwa mvule (hiyo vanishi ya kung'aa kama jeneza tuachie wengine). Piga msasa namba 120, halafu 180, umalize na 240, kisha mafuta ya linsidi mikono miwili mitatu, kila mkono ukauke kwanza. Itaendelea kuiva rangi yenyewe ikipata mwanga. Matambara ya hayo mafuta usiyakunje ukayarusha kwa kona, yatandaze nje yakauke, yakirundikana yanapata moto yenyewe bila kiberiti.