Buti linasema 328, kadi inasema cc 1997: maswali yenu kuhusu namba za magari

Mwezi huu karibu kila aliyenitumia swali hapa Tabora ameuliza kuhusu namba zilizobandikwa nyuma ya gari na ujazo wa injini, unaopimwa kwa cc (cc 1000 ni lita moja). Nimechukua matano.

Fundi, shikamoo. Kaka yangu kanunua BMW 328i ya mwaka 2013. Wote tulijua ni injini ya lita 2.8, lakini kadi imeandikwa cc 1997. Katapeliwa? (Msomaji, Isevya)

Marahaba. Hajatapeliwa. Kadi inasema kweli, na namba ya buti ni ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Zamani BMW walikuwa na utaratibu mwepesi: tarakimu ya kwanza ni familia ya gari, mbili zinazofuata ni ujazo wa injini. 328i ya miaka ya 1990 ilikuwa na silinda sita na cc 2793, yaani lita 2.8 bila ubishi. Ya kaka yako ina silinda nne, cc 1997, na tabo.

Sasa linganisha nguvu. Ile kubwa ilitoa nguvu za farasi 193. Hii ndogo inatoa 245. Kinachofanya hivyo ni tabo: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, na feni hiyo imeunganishwa kwa shafti moja na feni ya pili inayosukuma hewa kuingia kwenye silinda. Hewa ikiingia nyingi, petroli nyingi zaidi inaungua katika nafasi ileile. Aliyewahi kumwona mhunzi akivukuta mivukuto anaelewa haraka. Mkaa ni uleule, moto ni mwingine kabisa.

Kwa nini wakapunguza injini? Sababu kubwa ni sheria za Ulaya. Kila kampuni iliwekewa kikomo cha wastani wa hewa ukaa kwa magari yake mapya: gramu 130 kwa kilomita kufikia 2015, kisha lengo likashushwa hadi gramu 95 kuanzia 2020. Injini ndogo yenye tabo, ikiendeshwa taratibu, inakunywa kidogo. Halafu kuna kodi. Japani kodi ya gari ya kila mwaka inapanda kwa ngazi za cc. Hata kwetu, ushuru wa bidhaa kwa gari linaloingizwa nchini una mipaka kwenye cc 1000 na cc 2000. Ndiyo maana utakutana na injini nyingi za cc 1997 au 1998. Zimesimamishwa mlangoni kabisa mwa 2000.

Injini ikapungua, namba ikabaki. Mteja aliyezoea 328 asingekubali kuambiwa sasa nunua 320. Kwa hiyo namba ikageuka cheo: 328i iko juu ya 320i na chini ya 335i. Ukifungua boneti za 320i na 328i za umbo la gari la kaka yako, zote mbili zina injini ya lita 2.0 yenye tabo, ila zimeruhusiwa nguvu tofauti. Mimi hili silipendi. Mtu anapoona namba iliyokuwa kipimo kwa miaka mingi, ana haki ya kuamini kwamba bado ni kipimo, na kampuni zilipaswa kulisema wazi.

Mwambie kaka yako jambo moja: tabo haivumilii oili chafu wala vumbi. Abadilishe oili kwa wakati, asafishe au abadilishe filta ya hewa mapema kuliko kitabu kinavyosema, maana kitabu hakikuandikiwa barabara zetu za vumbi. Akitoka Nzega kwa mwendo wa kasi, injini ikae sailensa, yaani iungurume bila kukanyagwa mafuta, dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa.

Nimeona Mercedes C180, C200 na C250 za mwaka 2010 hivi, za petroli, zote cc 1796. Nachagua ipi? (Mwalimu, Sikonge)

Injini ni moja, mwalimu. Tofauti iko kwenye msukumo wa hewa na kompyuta inayoiongoza: C180 inatoa nguvu za farasi 156, C200 inatoa 184, C250 inatoa 204. Kwa safari za Sikonge na Tabora, C180 inatosha kabisa. Usilipe zaidi kwa ajili ya herufi za buti. Angalia injini iliyotunzwa na isiyopiga kelele ya cheni inapowashwa asubuhi ikiwa baridi.

Mzee wangu aliendesha Scania 113, mimi nikaanza na 124, sasa nimekabidhiwa R420. Injini imekua namna hiyo? (Dereva wa lori, Urambo)

Swali lako limenifurahisha kuliko yote, kwa sababu hapa namba imebadilisha maana kabisa.

Kwenye 113, tarakimu mbili za mwanzo ni lita: 11. Ya mwisho ni toleo: la 3. Kwenye 124 ni lita 12, toleo la 4. Kwa hiyo 94 ni lita 9 na 144 ni lita 14, zote toleo la 4. Mzee wako alipoiona namba alijua ana injini ya ukubwa gani kabla hajashika usukani.

Toleo la R lilipokuja mwaka 2004, lita ziliondolewa zikawekwa nguvu za farasi. R ni aina ya kabini, 420 ni nguvu. R420 za mwanzo zina injini ya lita 11.7, sawa na ya 124. Pengine umewahi kuona 124 yenye 420 iliyoandikwa kando. Basi ndiyo hiyohiyo 420, imehamia mbele. Kwa mtu anayepanda mlima na tumbaku nyuma, mimi naona hii ni namba ya kweli zaidi.

Boxer 150 yangu ni cc 144.8. Wamenipunja? (Bodaboda, Mwanga, Kigoma)

Hapana. Wameikadiria kwenda juu tu, kama wafanyavyo wengi. Ila ukinunua pistoni na ringi taja Boxer 150, usitaje cc 150 peke yake, maana pikipiki nyingine ya 150 ina pistoni ya kipenyo kingine.

Nikiagiza spea Dar es Salaam niseme nini ili nisiletewe kisichofaa? (Mama mwenye gari, Ipuli)

Mama, hili limenigharimu mimi mwenyewe. Nililetewa BMW 318i iliyochemsha njiani kutoka Igunga. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua. Nikapiga simu, nikataja 318i na umbo lake, ikatumwa kwa basi. Nilipoilaza juu ya bloku, matundu ya maji hayakukutana. Umbo lile, kabla ya 2001, 318i ilikuwa na cc 1895, baadaye ikawa na cc 1995. Maandishi ya buti ni yaleyale, injini ni mbili tofauti, na hakuna hata moja iliyo 1.8. Mwenye gari alikaa siku tatu zaidi akisubiri huku ana mgonjwa wa kupeleka hospitali ya Kitete. Nauli ya gasketi ya pili nililipa mimi.

Tangu siku ile sitaji namba ya buti. Nataja namba ya chasesi na alama ya injini. Kwa gari la Ulaya chasesi ina herufi na tarakimu 17, zote zisomwe. Kwa Toyota zilizotoka Japani, mwanzo wa chasesi unatosha kuanzia: IST yenye NCP60 ni cc 1298, yenye NCP61 ni cc 1496. Wala usidanganywe na alama ya injini kana kwamba ni ukubwa. Ya NCP61 inaitwa 1NZ, ya NCP60 inaitwa 2NZ, na 1NZ ndiyo kubwa.

Piga picha kadi, piga picha kibati kilichopo chini ya boneti, mtumie muuzaji kabla hujatuma pesa. Akijibu bei bila kuuliza lolote kuhusu picha hizo, mpigie mwingine.