Shangazi, nalala lakini naamka nimechoka

Msomaji wa Kondele, Kisumu, ana miaka 34, watoto watatu na kibanda cha mitumba katika soko la Kibuye. Kwa miezi minne hana nguvu. Hata Jumapili akilala hadi saa nne, huamka na mwili mzito. Mumewe anasema ni uvivu. Anauliza anywe nini.

Mwanangu, kabla ya kunywa chochote, tujue umechoka uchovu gani. Ule wa kubeba beli tangu alfajiri huisha ukioga na kulala siku mbili tatu. Wako usingizi hauugusi. Nimetafuta pia katika barua yako ule uchovu wa moyo, wa mtu asiyetaka tena hata anachokipenda; ukimkaa mtu wiki mbili, naye anahitaji daktari. Sikuuona. Bado unawachekesha wateja wako.

Ila kuna mambo umeyataja kwa kupita tu, nayo ndiyo yaliyonishtua. Ukipanda na mtungi wa maji hadi nyumbani, ghorofa ya tatu, unapumzika mara mbili. Hedhi yako inafika siku nane. Na kila siku unanunua odowa, ule udongo mgumu wa kutafuna, ukingoja wateja. Hamu ya udongo mara nyingi huja mwili ukipungukiwa madini ya chuma, na chuma kikipungua, damu hupungua.

Kesho asubuhi simama juani na kioo, vuta kope ya chini utazame ndani. Kama pamepauka badala ya kuwa pekundu, hiyo ni dalili, lakini jicho halitoshi. Nenda kituo cha afya upimwe damu, na malaria pia, maana huku kwetu ziwani homa za kujirudia nazo hupunguza damu. Mwanamke asiye na mimba hutarajiwa kuwa na hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, isiyopungua gramu 12 kwa desilita. Usione haya kueleza habari ya hedhi. Ukipewa vidonge bila kujulikana damu inapotelea wapi, utarudi palepale. Na moyo ukienda mbio umeketi, au pumzi ikikatika, nenda siku hiyo hiyo.

Vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu viache, na odowa vilevile. Chai usiinywe pamoja na chakula, kwa sababu huzuia chuma kuingia mwilini. Ukishakula, ingoje muda wa saa moja hivi. Omena na osuga, yaani mboga ya mnavu, ziko hapo hapo sokoni, zikamulie limau.

Ukingoja nafuu, usijipime kwa nguvu za mwaka jana. Siku ukiamka nusu, fungua beli moja, maji abebe kijana wako mkubwa. Siku ukiamka huwezi kabisa, funga kibanda ulale.

Mumeo nenda naye. Nilikasirika kusoma neno uvivu likitajwa kwa mtu anayeamka saa kumi usiku, lakini nadhani hajui tu. Aisikie namba ya damu yako kutoka kwa daktari mwenyewe. Kisha niandikie, nami niijue.