Ukimshika kibaka, umeshikwa wewe

Mkuu mleta uzi, acha. Acha leo hii. Umesema unahamia Manzese, unatoka kazini saa nne usiku, umeangalia video za kunyang'anya kisu, na sasa kila jioni upo sebuleni na shemeji yako: yeye kashika mwiko wa ugali, wewe unamkunja kifundo cha mkono, anaangukia kochi, mnacheka. Halafu unauliza kipi kinafaa mtaani kati ya karate, judo na jujitsu, ada shilingi ngapi, na kama miaka 34 umeshachelewa. Nimesoma bega la kushoto likaanza kuniuma lenyewe, maana huyo anayemkunja shemeji nilikuwa mimi, mwaka 2018.

Wengine hapo juu wamekujibu kistaarabu. Mimi nina neno moja tu: USISHIKE. Usishike mkono wake, usishike shati lake, na kisu chake ndiyo kabisa.

Nilikuwa na mwaka na miezi miwili kwenye mkeka wa mazoezi, siku mbili kwa wiki. Mwalimu wangu, ambaye simtaji nisije nikaharibu swaumu, alikuwa na msemo wake: "Ukishamfunga kiungo, mchezo umekwisha." Yaani ukishambana kiwiko au kifundo asiweze kukichomoa. Tuliuimba ule msemo kama kiitikio.

Siku yenyewe nimeshuka daladala pale Darajani, saa mbili usiku, mvua imekatika muda si mrefu, lami inateleza. Dogo mmoja mwembamba, kandambili miguuni, akapita akachomoa simu kwenye mfuko wa shati langu. Nikamdaka kifundo hewani. Wakuu, sitaki unafiki: ilikuwa nzuri. Nikazungusha, kiwiko kikageuka, simu chini, dogo chini, nami nikamfuata hukohuko. Mkono wake upo katikati ya mapaja yangu, dole gumba lake linatazama juu kama tulivyofundishwa. Kwa sekunde nne nilikuwa Bruce Lee wa Barabara ya Morogoro.

Sekunde ya tano akapasua koo: "Mwizi! Jamani ananiua! Mwizi!"

Sasa jiweke kwa mpita njia. Baba mzima wa kilo themanini na tano kalala chali pembeni ya barabara, kambana mtoto wa watu, mtoto analia. Mwizi nani hapo? Hakuna aliyeuliza. Teke la kwanza lilinipata mbavuni. Na kumbuka, mikono yangu yote miwili ipo kwenye mkono mmoja wa dogo, miguu yangu yote miwili ipo kifuani na shingoni kwake. Sina hata kidole cha kukinga uso. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mwalimu hakuwahi kutufanyia: kufunga kiungo chake kimoja nilitoa vyangu vinne. Nikamwachia ili niinuke, mtu akanikanyaga bega, nikasikia ko! kama ukuni mkavu. Katikati ya rabsha hiyo kuna mkono ukaingia mfuko wangu wa nyuma, taratibu, bila papara, ukatoka na pochi. Huyo ndiye mwenzake. Alikuwa kasimama pale tangu mwanzo na mimi sikumwona, nilikuwa natazama dole gumba.

Aliyeniokoa ni mama muuza mihogo ya kukaanga. Alikuja na upawa wake unachuruzika mafuta ya moto, anafoka, "Mwacheni! Huyu ndiye aliyeibiwa, nimeona kwa macho yangu!" Watu wakarudi nyuma, na sidhani kama ni ukweli uliowarudisha, nadhani ni yale mafuta. Akaniinamia: "Pole baba. Lakini na wewe, umelala chini hapo unatafuta nini?"

Mpaka leo sina jibu.

Mtulinga ulivunjika. Mimi ni fundi wa aluminiamu, wiki sita mkono upo shingoni, nani atanipa fremu ninyanyue? Simu yenyewe niliinunua mkononi mwa mtu kwa laki na nusu, na wala sikuiona tena. Halafu hospitali, kwa mtu aliyepigwa, walitaka PF3, ile fomu ya polisi, kwa hiyo nikaanzia kituoni. Askari anaandika, ghafla anainua kichwa: "Huyo kijana, ulimvunja?" Nikakauka. Sheria inakuruhusu kujitetea, ila kwa nguvu inayolingana na hatari. Simu ishadondoka, dogo yuko chini, wewe bado unanyonga kiwiko. Kamweleze hakimu kuhusu dole gumba.

Nikarudi ukumbini na bandeji, nikidhani nitapewa hata pole. Mwalimu akasema, "Ulichelewa kumalizia." Kumalizia! Mtu ambaye kwa mwaka mzima alituletea wenzetu wanaokunyoshea mkono kisha wanauacha hewani kama wanasubiri kuvishwa saa. Wapi kibaka anafanya hivyo? Mwenye kisu hachomi mara moja akaganda akusubiri. Anaingiza na kuchomoa kama sindano ya cherehani, na mkono wake wa pili unakusukuma. Mwaka 1983 askari mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika alichokipima: mtu mwenye kisu anakimbia futi 21, yaani mita sita na ushee, kwa sekunde moja na nusu hivi, muda uleule anaouhitaji askari kuchomoa bastola na kufyatua. Askari mwenye bastola anahangaika, wewe una kifundo cha shemeji.

Kuna mdau hapo juu kamtaja Royce Gracie, yule Mbrazili wa jujitsu. Sawa, kwenye mashindano ya kwanza ya UFC, Denver 1993, alimaliza watu watatu usiku mmoja kwa kuwapeleka chini, wa mwisho akiwa Gerard Gordeau. Mmoja mmoja lakini! Refa yupo, uzio upo, hakuna rafiki wa Gordeau anayezunguka nyuma na nondo. Na pamoja na hayo yote Gordeau alimng'ata sikio, na kung'ata kulikatazwa.

Sichukii mkeka, bado naenda. Kitu kimoja cha mle ndani kilinisaidia kweli usiku ule: kuanguka. Kukunja kidevu, kutotanguliza kiganja. Judo wanakufundisha hilo kabla ya kitu kingine, na kisogo changu hakikugusa lami. Basi, hayo mengine nilinunua maumivu kwa pesa yangu.

Kwa hiyo akikutokea na kisu, simu irushe upande mmoja, wewe kimbilia upande wenye taa na maduka. Akikukamata shati, msukume, mpige kiwiko, chochote cha kukubandua, kisha ondoka. Ukimuona yuko chini usimfuate. Na ukipiga kelele sema "Nisaidieni, naibiwa!" Lile neno jingine usiliguse, mimi nimelisikia nikiwa chini yake na najua linavyokuja na mawe.

Ada na umri watakujibu wengine, mimi nimeshasahau ulichouliza. Ila jioni hii mpokonye shemeji mwiko, mpe kalamu nene ya wino mwekundu, wewe vaa fulana nyeupe. Mwambie akuchome kwa nia kabisa sekunde kumi, asikuachie mkono hewani. Kisha ipige picha hiyo fulana uiweke hapa tuhesabu mistari. Usivae ile ya kutokea.