Upanga wa babu kutoka Burma: maandishi haya ya Kijapani yanasemaje?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Marehemu babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles wa Waingereza, akapigana Burma, akarudi na upanga wa Kijapani. Juzi nilitoa mpini nikakuta maandishi yamechongwa pande zote mbili, ila yameliwa na kutu. Jamaa mmoja anayeuza vitu vya kale anasema ni kazi ya Masamune, mhunzi maarufu wa Kijapani, ya miaka mia saba iliyopita, na anataka nimtangulizie pesa atafute mnunuzi. Nisugue kwa msasa ili yasomeke? Picha nimeambatisha. — Msomaji, Machakos

JIBU: Msasa rudisha dukani, na huyo jamaa usimpe hata shilingi.

Tuanze na kutu. Wajapani huufuta na kuupaka mafuta ubapa wa upanga kwa uangalifu mkubwa, lakini msuka, yaani ile sehemu inayozama ndani ya mpini, huuacha ushike kutu makusudi. Kutu hiyo ndiyo inayotuambia umri. Ya zamani huwa nyeusi au kahawia iliyoiva, laini, na ndani ya mikwaruzo ya herufi huwa na rangi ileile ya nje. Mtu akichonga jina jipya kwenye upanga mkongwe, tindo hupasua kutu ya zamani, na chini ya herufi utaona wekundu au mng'ao, na kingo zake zinakwaruza kidole. Nimewahi kuletewa upanga ambao msuka wake ulisuguliwa hadi unang'aa kama sufuria ya harusi. Jina lilisomeka vizuri sana, na sehemu kubwa ya thamani ilishapeperuka na vumbi la msasa.

Masamune alifua vyuma katika jimbo la Sagami, mwishoni mwa karne ya 13 na mwanzoni mwa karne ya 14, na panga zenye saini yake ni chache mno. Kwa hiyo jina lake likichongwa waziwazi, hapo ndipo shaka inapoanza. Majina makubwa yameghushiwa Japani kwa karne nyingi. Na kinyume chake, upanga usio na jina si lazima uwe wa ovyo: panga ndefu za kale zilifupishwa kwa kukatwa upande wa msuka, na saini ikaondoka na kipande kilichokatwa.

Sasa picha zako. Shika upanga ncha ikiwa juu, soma kutoka juu kwenda chini. Upande wa kwanza naona 関住, «Seki-jū», yaani mkazi wa Seki, mji wa wahunzi katika jimbo la Mino, siku hizi Gifu. Inafuata 兼, «Kane», kisha kutu. Wahunzi wa Seki ambao majina yao huanza na Kane ni wengi kama akina Juma kwetu, kwa hiyo nusu hiyo ya jina haitoshi.

Upande wa pili ndio uliomaliza ubishi: 昭和十八年. Herufi mbili za kwanza ni Shōwa, enzi ya mfalme Hirohito. Inayofuata, ile kama msalaba, ni kumi. Mistari miwili inayoachana ni nane. Ya mwisho ni mwaka. Mwaka wa 18 wa Shōwa. Mwaka wa kwanza ulikuwa 1926, basi jumlisha 1925 na 18: 1943. Upanga wa afisa wa vita vilevile alivyopigana babu yako.

Kilichobaki ni kujua ulifuliwa vipi, kwa sababu wakati wa vita kuna uliotengenezwa kwa chuma cha jadi na kuna uliotoka kiwandani haraka haraka. Tafuta muhuri mdogo uliogongwa kwenye msuka. Nyota ndogo huashiria fundi aliyeidhinishwa na jeshi kufua kwa njia ya jadi. Herufi 関 au 昭 peke yake ndani ya duara dogo au ua kwa kawaida huashiria upanga wa kawaida wa vita. Ukikuta namba za rangi zilizoandikwa kwa brashi, usizifute. Hizo ni za mafundi wa kuunganisha, si saini.

Nipigie picha upya. Zima taa, laza tochi ya simu karibu na chuma ili mwanga upite ubavuni, na kamera iwe juu moja kwa moja. Herufi zitajaa kivuli na kusomeka bila kuguswa. Ikishindikana, weka karatasi nyembamba juu ya msuka na usugue taratibu kwa penseli laini. Ubapa usiushike kwa vidole, jasho huacha alama. Na kile kijiti cha mwanzi kilichoshikilia mpini ulikitunza? Kirudishe kilivyokuwa kabla ya kumwonyesha mtu yeyote upanga huo, maana bila hicho unaweza kuchomoka mpinini ukamkata mtu.