Kurudisha rauta kwenye programu ya kiwandani, kwa wadogo zangu mnaoanza ufundi Mbeya

Wadogo zangu mnaojifunza ufundi pale Mwanjelwa na kwingineko, hili la kwanza lishikeni sana: kitufe cha riseti hakirudishi programu ya kiwandani. Mteja kaleta TL-WR841N, rauta ya TP-Link, ina OpenWrt, yaani programu nyingine iliyowekwa badala ya ile ya kiwandani, anataka ile ya mwanzo, wewe unabonyeza riseti weee mpaka kidole kinauma, kinachofutika ni mipangilio tu, OpenWrt iko palepale.

Kabla ya yote geuza rauta usome stika ya chini, pale pameandikwa vasheni, yaani toleo la mashine, v8, v9, v11, na hizo ni mashine tofauti hata kama kwa nje zinafanana kama mapacha. Faili la v9 usilipeleke kwenye v11, shusha la vasheni yako kutoka tovuti ya TP-Link wenyewe, mambo ya kurushiana mafaili WhatsApp yaacheni.

Halafu bakapu, yaani nakala ya akiba. Ingia kwa SSH, njia ya kuiamuru rauta kwa maandishi kutoka laptopu, andika cat /proc/mtd utaona vipande vya flashi, kumbukumbu ya kudumu ya rauta, kipo kimoja kinaitwa art, hicho ndo kina vipimo vya redio vya rauta hiyohiyo moja, ukikipoteza wifi inakuwa hovyo na huwezi kuazima cha rauta nyingine. Kikopi ukiweke kwenye laptopu, siyo kukiacha /tmp, maana /tmp ni RAM, kumbukumbu ya muda, ukizima tu kimekwenda.

Sasa panapoua rauta nyingi. Ukiona jina la faili la TP-Link lina neno boot, ndani yake kuna butiloda, programu ndogo inayoanzisha rauta, na lazima uikate kwanza (asili.bin ni faili la TP-Link, safi.bin ni lililokatwa):

dd if=asili.bin of=safi.bin bs=512 skip=257

Hapo unaruka baiti 131584 za mwanzo. Usipokata, butiloda inakaa mahali pa mfumo na rauta haiwaki tena. Ukishakata lipeleke /tmp ya rauta, linganisha sha256sum, alama ya kuhakiki faili, ya kwenye laptopu na ya kwenye rauta, zikifanana ndo unaandika mtd -r write /tmp/safi.bin firmware halafu mikono mbali mpaka iwake yenyewe. Umeme ukikatika katikati ni balaa, kwa hiyo kipindi cha mvua na radi chomeka kwenye UPS, betri ya akiba ya umeme, kama huna subiri, mteja atakuelewa.

Na ikigoma kuwaka usikate tamaa mdogo wangu. Kwa v9 ipe laptopu IP 192.168.0.66, washa seva ya TFTP, programu ya kutuma mafaili kwenye mtandao, zima fayawo, kinga ya laptopu inayozuia miunganisho, faili lako safi lipe jina wr841nv9_tp_recovery.bin, kebo iwe kwenye tundu la LAN, kisha shikilia riseti huku unawasha. Yenyewe itakuja kulichukua.

Ikishamaliza usiitafute tena 192.168.1.1 ya OpenWrt ukadhani imekufa, v9 ya kiwandani iko 192.168.0.1, jina admin na paswedi admin, na hiyo paswedi ibadilisheni kabla mteja hajaondoka nayo.